Urithi wa Jicho na Urithi wa Sikio katika Ocarina of Time

Mwezi wa Novemba 1998 kampuni ya Nintendo, yenye makao yake Kyoto nchini Japani, ilitoa mchezo wa video uitwao The Legend of Zelda: Ocarina of Time kwa ajili ya mashine yake ya Nintendo 64. Famitsu, jarida la Kijapani linalohakiki michezo ya aina hiyo, liliupa alama 40 kwa 40, na huo ukawa mchezo wa kwanza kuzipata. Nakala zaidi ya milioni saba ziliuzwa. Mwaka 2022 jumba la makumbusho la The Strong, lililoko Rochester nchini Marekani, liliuingiza katika orodha yake ya michezo ya video iliyoacha alama duniani. Baina ya miaka hiyo miwili mchezo huu umesifiwa mara nyingi kiasi kwamba sifa zake zimekuwa kama salamu za njiani: hutolewa na kuitikiwa bila ya mtu kusimama. Makala haya yanataka kusimama kidogo.

Msomaji wa kurasa hizi, aliyezoea kukuta humu shairi na uhakiki wa shairi, ana haki ya kuuliza mchezo wa video umefuata nini. Jibu langu ni fupi. Kazi hii imejengwa juu ya nyimbo. Shujaa wake huifungua dunia kwa sauti alizofundishwa na watu aliokutana nao njiani, na anayecheza hana budi kuzipiga nyimbo hizo mwenyewe, noti kwa noti. Kazi ya namna hiyo ina madai juu yetu sisi tunaoishi kwa maneno yanayosikika.

Hoja ninayoitetea ni kwamba Ocarina of Time iliacha urithi wa aina mbili, urithi wa jicho na urithi wa sikio. Ule wa jicho umegawanywa kwa karibu kila mchezo uliofuata. Ule wa sikio, ambao kwa maoni yangu ndio wenye thamani zaidi, umepata warithi wachache. Aidha, ni katika sikio hilohilo ndipo kazi hii ilipofanya kosa lake kubwa, kosa ambalo msikilizaji wa visiwa hivi hawezi kulipita kimya.

Kisa chenyewe ni ngano. Link ni mtoto aliyelelewa msituni miongoni mwa Wakokiri, watoto wasiokua, ambao kila mmoja wao ana kijini chake chenye mabawa isipokuwa yeye. Siku moja Mti Mkuu wa Deku, mlezi wa msitu, unampelekea kijini kiitwacho Navi, kisha unamtuma kwa Binti Mfalme Zelda. Zelda ameoteshwa kwamba Ganondorf, mfalme wa watu wa jangwani, atauangamiza ufalme wa Hyrule. Watoto hao wawili wanapanga kumtangulia: wakusanye vito vitatu, wafungue mlango wa Hekalu la Wakati, waifikie Milki Takatifu kabla yake. Link anauchomoa upanga uliomo hekaluni, na hapo mambo yanageuka. Kwa kuwa ni mdogo mno kubeba ushujaa, analazwa usingizi wa miaka saba, na mlango alioufungua yeye ndio anaoupitia Ganondorf. Anapoamka amekuwa kijana. Soko alilolijua lina wachuuzi, mbwa na wapenzi wawili wanaocheza dansi, sasa ni magofu yanayokaliwa na maiti zinazotembea.

Nguvu ya kisa hiki imo katika dhambi isiyo na mkosaji. Link alifanya kila alichoambiwa, na alichoambiwa ndicho kilichoiangusha nchi. Zelda anapotokea tena mwishoni anajilaumu mwenyewe kwa mpango wa utotoni. Mchezo wa aina hii kwa kawaida humlipa mchezaji kwa kila mlango anaoufungua; huu ulimwonyesha kwamba mlango uliofunguliwa kwa nia njema nao una gharama yake. Hata hivyo, si kisa kilichoigwa zaidi na waliokuja baadaye. Kilichoigwa ni namna ya kuona.

Ili kulielewa jambo hili, turudi katika tatizo la miaka ile. Michezo ya awali ilichezwa juu ya picha bapa: adui alikuja kutoka kushoto au kulia, na upanga ulijua pa kupiga. Mwaka 1996 Nintendo yenyewe, kwa Super Mario 64, ilionyesha jinsi mtu anavyoweza kutembea na kuruka ndani ya ulimwengu wenye kina. Kupigana ndani ya ulimwengu huo kulikuwa jambo jingine. Mchezaji alimkosa adui kwa hatua moja, kamera ilitazama ukutani, na pambano likawa kupapasa gizani. Shigeru Miyamoto, aliyesimamia utengenezaji, na wakurugenzi waliokuwa chini yake walihitaji kanuni.

Kanuni hiyo waliipata katika jukwaa la maonyesho. Kama walivyosimulia katika mahojiano ya mwaka 2011 na Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni, baadhi yao walikwenda kutembelea bustani ya filamu ya Toei mjini Kyoto. Siku ilikuwa ya joto, wakaingia ndani ya ukumbi kujipoza, wakakuta onyesho la mapigano ya ninja. Toru Osawa aliona ninja akirusha mundu wenye mnyororo, mwenziwe akaukamata mnyororo kwa mkono, na ninja akabaki akimzunguka kwa duara huku mnyororo umekazwa baina yao. Yoshiaki Koizumi aliona jambo la pili: maadui wengi wanapomzunguka mtu mmoja jukwaani, humshambulia mmoja mmoja, na wengine wanangoja zamu yao.

Mambo hayo mawili yakawa kitufe kimoja, kitufe cha Z kilicho upande wa chini wa kidhibiti cha Nintendo 64. Mchezaji akikibonyeza, Link anamkazia jicho adui mmoja. Tangu hapo kila hatua yake ni mzunguko wa kumzunguka adui huyo, kama kwamba mnyororo usioonekana umewafunga pamoja. Kamera inakaa nyuma ya bega, na maadui wengine wanapunguza kasi yao. Alama ya kuonyesha nani amelengwa ingeweza kuwa pembetatu tupu, lakini Koizumi aliigeuza kijini, Navi, anayeruka na kutua juu ya kichwa cha anayetazamwa. Hapo ufundi na usimulizi vimekutana bila ya kuoneana haya: kielekezi kimekuwa mhusika mwenye sauti na wasiwasi wake.

Orodha ya waliorithi jicho hili ni ndefu. Yeyote aliyecheza Kingdom Hearts ya mwaka 2002 au Dark Souls ya mwaka 2011 amemkazia jicho adui na kumzunguka kwa duara lilelile. Mpanda farasi wa Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, anayevuka uwanda mtupu akitafuta majitu, anapita katika njia iliyofunguliwa na Link na farasi wake Epona. Dan Houser wa kampuni ya Rockstar, ambayo michezo yake haina uhusiano wowote na vijini wala binti wafalme, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2012 kwamba mtengenezaji wa michezo ya vipimo vitatu anayedai hakuazima kitu kwa Mario au Zelda anasema uongo. Sina sababu ya kumpinga.

Lakini kuna jambo dogo ambalo wasifiaji hawalitaji. Mchezaji anapobonyeza kitufe cha Z, tepe mbili nyeusi hujitokeza, moja juu na moja chini ya kioo, kama katika sinema. Anayetazamwa anaonekana vizuri zaidi, na dunia iliyomzunguka inapungua. Nitalirudia jambo hili mbele.

Sasa tuje katika sikio. Okarina ni filimbi ya udongo yenye tumbo na matundu. Katika mchezo huu imepewa noti tano, kila moja kwa kitufe chake, na Koji Kondo, mtunzi wa muziki, alilazimika kutunga nyimbo zote za shujaa kwa noti hizo tano tu. Washairi wanajua faida ya kifungo kama hicho. Nyimbo sita za mwanzo, ambazo tano kati yake Link hujifunza akiwa mtoto, zina umbo moja: kipande cha noti tatu, kinachorudiwa mara mbili. Kwa marudio hayo mtoto wa miaka minane hukishika kipande mara ya kwanza, kama anavyokishika kibwagizo kabla hajaelewa beti. Nyimbo zinaweza kutazamwa katika orodha, lakini baada ya saa chache hakuna anayeitazama, vidole vinakumbuka.

Tuangalie nyimbo hizo zinatoka kwa nani. Ule wa kubembeleza watoto wa ukoo wa kifalme unafundishwa na Impa, yaya wa Zelda. Wa pili unafundishwa na Saria, rafiki wa msituni. Wa tatu anaufundisha Malon, msichana wa shamba la mifugo, naye anasema kwamba mama yake ndiye aliyeutunga. Wimbo wa Jua umechongwa ndani ya kaburi la wafalme, nao unasomwa humo. Yaya, rafiki, mama aliyekwisha kuondoka, na kaburi: hii ndiyo njia ambayo nyimbo hupita duniani kote, pamoja na huku kwetu. Watengenezaji wangeweza kuziweka nyimbo katika masanduku ya hazina, kama walivyoweka mishale na mabomu. Waliziweka katika vinywa vya watu.

Ndiyo maana tukio la shamba la mifugo ni zito kuliko mapambano mengi ya mchezo. Link anarudi baada ya miaka saba. Mwenye shamba amefukuzwa, mtumishi wake Ingo amejitwalia mali, na Epona, aliyekuwa mtoto wa farasi, sasa ni farasi mkubwa. Hamtambui kijana huyu, na kuna sababu gani ya kumtambua? Uso si ule, kimo si kile. Link anapiga wimbo wa mama yake Malon na farasi anakuja. Miaka saba ilikwisha kulidanganya jicho, sikio haikuliweza.

Tukio la kinu cha upepo katika kijiji cha Kakariko linakwenda mbali zaidi. Link aliye kijana anamkuta mpiga santuri amejaa hasira. Miaka saba nyuma, anasema, alikuja mtoto mwenye okarina, akapiga wimbo wa ajabu, na kinu kikavurugika. Wimbo huo haumtoki kichwani, na kwa hasira zake anamfundisha Link. Link anarudi katika utoto wake, anaingia kinuni, anaupiga wimbo aliofundishwa, na kinu kinavurugika. Basi nani aliyeutunga Wimbo wa Tufani? Mzee aliusikia kwa mtoto, mtoto alifundishwa na mzee. Wapenda mantiki wameliita hili kosa la hesabu za wakati. Mimi nalisoma kuwa maelezo ya kweli kuhusu nyimbo za mapokeo. Ukiuliza mwenye wimbo, kila mwimbaji atakwambia aliupokea; ukifuata mlolongo huo hutafika kwa mtunzi, utarudi mlangoni ulipoanzia.

Haki inadai tuseme kwamba mchezo huu haukuwa wa kwanza kufanya muziki kuwa ufunguo. Loom, ya mwaka 1990, ilimpa mfumaji kijana noti za kutendea miujiza. Ocarina of Time iliongeza mapokeo: nani anamfundisha nani, na kwa nini. Warithi wa sikio hili wapo. Majora's Mask ya mwaka 2000, iliyotoka katika mikono ileile, iliwapa wafu nyimbo za kuwatuliza. Outer Wilds ya mwaka 2019 iliwatawanya wasafiri angani, kila mmoja na ala yake, ili anayesikiliza kwa makini aweze kuwakusanya katika wimbo mmoja. Kuanzia mwaka 2012 okestra zilizunguka miji mingi zikipiga muziki wa Zelda mbele ya kumbi zilizojaa. Pamoja na hayo, hesabu ya warithi hawa ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya waliochukua kitufe cha Z. Jicho lililokazwa linafaa katika kila vita. Wimbo unadai mtu asimame, ajifunze, na awe na wa kumfundisha.

Nafika katika kosa. Katika matoleo mawili ya mwanzo ya mchezo huu, muziki wa Hekalu la Moto uliambatana na sauti za binadamu wakisoma maneno ya ibada ya Kiislamu. Sauti hizo hazikurekodiwa kwa ajili ya kazi hii. Zilitoka katika mkusanyo wa sauti unaouzwa kwa watunzi, ambamo kinywa cha msomaji huazimwa kama ala nyingine yoyote. Hekalu lenyewe ni pango ndani ya mlima wa moto. Wagoroni wamefungwa humo wakingoja kuliwa na joka liitwalo Volvagia. Maneno ambayo Mwislamu hufunulia jambo lake na kumtukuza Mola wake yalitiwa hapo ili kuongeza hofu ya lava na vizimba.

Sioni ushahidi kwamba Kondo alikusudia dhihaka, wala simtuhumu. Inaelekea kwamba alisikia mlio na hakusikia maneno. Lakini hapo ndipo jambo linapouma, kwa sababu hii ni kazi iliyotufundisha kwamba sauti ina mwenyewe. Kila wimbo wa okarina una mwalimu, jina na kumbukumbu. Sauti hii moja, ambayo mamilioni ya watu duniani wanaijua tangu kuadhiniwa kwao masikioni siku ya kuzaliwa, ndiyo iliyoingia bila ya mwenyewe. Sisi tuliokua tukiamshwa na adhana, tuliokaa mkekani tukisikiliza Maulidi ya Barzanji, tunaweza kueleza tofauti ya sauti inayosoma na sauti inayotisha. Aliyeiazima hakuwa na wa kumwuliza.

Toleo la tatu liliondoa sauti hizo na kuweka kwaya ya mashine. Wachezaji wengi husimulia kwamba mabadiliko yalitokana na malalamiko ya Waislamu baada ya mchezo kuuzwa. Tarehe zilizomo ndani ya programu zenyewe zinaonyesha vingine: toleo la tatu lilikamilika kabla ya mchezo kuingia sokoni, na kampuni ilikuwa na sera ya kutotumia mambo ya dini zilizopo duniani. Hilali na nyota iliyochorwa juu ya Ngao ya Kioo ilibaki katika katriji za awali, na ikabadilishwa katika matoleo ya baadaye. Marekebisho haya yalikuwa sawa. Hayakugusa, hata hivyo, mahali kosa lilipotokea.

Hilali ile ilikuwa alama ya Wagerudo, watu wa Ganondorf. Ni taifa la wanawake wa jangwani, ambao mwanamume huzaliwa kwao mara moja katika miaka mia na kuwa mfalme. Takriban wote ni wezi. Bonde lao lina muziki wa magitaa na makofi wa Andalusi, mavazi yao ni ya Mashariki ya kubuniwa, na adui wa dunia nzima ametoka kwao. Nabooru peke yake, mmoja wa viongozi wao, amepewa kinywa cha kutosha kusema kwamba wizi wa Ganondorf, anayewaibia hata wanawake na watoto, si mwenendo anaoukubali. Naye baadaye anakuwa mmoja wa wenye hekima wanaouokoa ufalme. Ni mhusika mzuri, lakini ni mmoja. Jicho limekazwa juu ya jangwa kama adui, na tepe nyeusi zimeshuka. Hatuambiwi watu hao wanakula nini, wala wanaimba nini watoto wao wanapolala.

Jibu bora kwa kosa hili lilitoka nyumbani kwake. Eiji Aonuma, mmoja wa wakurugenzi wa Ocarina of Time, aliongoza The Wind Waker, iliyotolewa Japani Disemba 2002. Humo Hyrule imezama chini ya bahari, na waliobaki ni watu wa visiwani. Shujaa hana okarina tena. Ana kijiti cha kuongozea muziki, na anapokitumia wenziwe ndio wanaopiga, mmoja kinubi na mwingine fidla. Karibu na mwisho Ganondorf, sasa ni mzee, anapewa nafasi ya kusema. Anaeleza upepo wa kwao, unaounguza mchana na kugandisha usiku, kila mara ukileta mauti. Kisha anaeleza upepo wa Hyrule, uliobeba kitu kingine, akakiri kwamba aliutamani upepo huo. Hasamehewi, wala hastahili. Lakini kwa mara ya kwanza jangwa limesikilizwa likijieleza lenyewe, na vita vya zamani vinageuka vita vya mtu aliyezaliwa upande usio na mvua. Msomaji wa visiwani, anayejua kaskazi na kusi vimeleta nini na vimechukua nini, hahitaji kufafanuliwa maana ya kuutamani upepo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kama ukubwa wa kazi unapimwa kwa wingi wa walioazima, Ocarina of Time ilikwisha kushinda zamani, na kitufe cha Z kitaendelea kuishi hata katika michezo ambayo watengenezaji wake hawajui kilikotoka. Kama unapimwa kwa kile ambacho kazi inakidai kwetu, basi deni bado lipo, na linawahusu pia vijana wa Afrika Mashariki wanaoanza kutengeneza michezo yao. Namna ya kukaza jicho wataipata tayari imefungwa ndani ya programu wanazotumia. Namna ya kusikiliza itawabidi waifuate kwa watu: kwa mama, kwa yaya, kwa mpiga zumari, kwa msomaji wa msikitini, na wamwulize kila mmoja jina lake na ruhusa yake kabla ya kuichukua sauti.